Mguu wa Uyoga

Maiti ya Valerian ilikutwa sakafuni, kati ya kitanda na ndoo ya maji, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Macho yalikuwa wazi, na weupe wake wote ulikuwa umegeuka manjano.

"Ini," alisema Inspekta Asteria Mageni, kisha akatoka nje.

Si kwamba aliogopa. Asteria hakuumbwa kukaa mahali pamoja. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, akichezea funguo za gari mpaka waumini wenzake wakamgeukia. Na asubuhi ile machimbo ya Nyamtukwa yalimzidishia mchecheto. Jenereta zilinguruma, karasha zilisaga mawe, mawingu yalikuwa yamejaa tele na hayanyeshi. Mbele ya chumba cha marehemu wachimbaji walikuwa wakiongezeka, na mmoja wao alishika dumu la petroli.

"Nipe habari," alimwambia Koplo Theonest.

"Valerian, afande. Mtu wa Bukoba. Msimamizi wa duara lile pale." Theonest alionyesha shimo lililofunikwa turubai la bluu. "Alianza kuumwa Jumapili usiku. Kutapika, kuhara. Jumanne akapata nafuu, akatania watu, tukaambiwa amepona. Jana hali ikageuka. Leo ndiyo hivi."

"Alikula nini?"

Theonest hakupata nafasi ya kujibu. Umati ulimjibia.

"Uyoga wa Mama Ngusa! Ndiye anayemlisha kila siku! Jana tumemwona akimletea bakuli!"

Mama Ngusa, jina lake Serafina, alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mama ntilie ambaye kila msimu wa mvua aliacha maharage na kuwapikia wachimbaji uyoga wa porini. Walimkuta kwenye kibanda chake, amekaa juu ya kigoda, mikono kichwani. Kando yake palikuwa na kikapu. Ndani mlijaa uyoga wenye kofia nene za kahawia, kama maandazi yaliyokaa sana kwenye mafuta.

Theonest alichukua mmoja akaupasua kwa kisu. Nyama yake ilikuwa ya njano. Kabla hajakifuta kisu chake, ile njano ikaanza kufifia, ikawa kijani, ikawa bluu iliyokolea kama wino.

"Sumu! Mmeona wenyewe!"

Umati ukasogea. Theonest akauzamisha mkono kikapuni, akatoa kutoka chini kabisa uyoga mwingine, mweupe, mwembamba, mzuri wa kutazama. Ulikuwepo wa aina hiyo kama konzi moja.

Asteria alikulia Ngokolo, mjini Shinyanga. Huko uyoga aliuona ukiwa umekauka tayari kwenye chungu cha mama yake, na aliukataa tangu utotoni. Hakuwa na sababu ya kuutetea. Aliiangalia ile bluu, akaliangalia dumu la petroli, akaamua.

"Mama, uko chini ya ulinzi. Panda gari haraka."

"Mayu," alisema Serafina, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "mimi sijaua mtu."

"Panda gari, mama. Hapa watakuchoma."

Walipoondoka, jiwe lilivunja taa ya nyuma.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti viwili. Asteria hakukalia chake.

"Uyoga huu umeuchuma wewe?"

"Wa kahawia ni wangu. Huo mweupe siujui."

"Ulikuwa kwenye kikapu chako."

"Siujui, mayu. Mungu wangu ananiona."

"Kwa nini unageuka bluu?"

"Ndivyo ulivyo. Bibi yangu aliula, mama yangu aliula, na mimi naula. Ukichemka unarudi njano."

"Jana ulimpelekea Valerian nini?"

"Uji wa ulezi. Mgonjwa humpi uyoga."

"Jumapili je, ulimpikia nini?"

"Jumapili sikuwepo. Nilikuwa msibani kwa shemeji yangu, Ushirombo. Nimerudi Jumatatu, nikakuta mtu kalala."

Asteria hakulitia hilo maanani sana. Alijua alichokiona. Lakini kulikuwa na kitu kinachomkera tangu walipoingia, na hakukijua. Alikizunguka kile kikapu mezani, akakizunguka tena. Mwishowe akamwaga uyoga wote juu ya gazeti, wa kahawia huku, mweupe kule.

Ndipo akaona. Kila uyoga wa kahawia ulikuwa umekatwa shina kwa kisu, mkato safi wa mshazari. Ule mweupe ulikuwa umetoka mzima mzima, na udongo, na chini ya shina kulikuwa na kitu kilichovimba, kimevikwa kijikombe kilichochanika.

"Mbona huu umekatwa na huu umeng'olewa?"

Serafina alitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata nguvu.

"Sisi hatung'oi. Tunakata, mguu tunauachia ardhi, ili mwakani uote palepale. Hata mtoto wa kwetu akiung'oa anachapwa. Huyo aliyeng'oa si mchumaji, mayu."

"Au ni mchumaji aliyekuwa na haraka."

"Mimi kisu changu nilikuwa nimekifunga kiunoni. Wamekichukua askari wako pale mapokezi."

Mkuu wa kituo alimkuta Asteria uani akipiga hatua huku na huku.

"Mtuhumiwa unaye. Kielelezo unacho. Umati umeshatoa hukumu. Unataka nini tena?"

"Nataka kutulia, afande, na situlii."

"Kesi ya mauaji haina dhamana. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Basi niruhusu leo niende Shinyanga."

Mkuu alikuna kidevu. Alimfahamu Asteria: akimkatalia, angeivunja sakafu ya ua ule kwa viatu.

"Nenda. Ila kesho ni kesho."

*

Daktari Euphrasia hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti wa uyoga wa misitu ya miombo, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, na nyumba yake haikuwa mbali na ile aliyozaliwa Asteria. Alipoiona mifuko ya karatasi mikononi mwa askari alisafisha meza kwa kiwiko, vikombe vya chai vikaponea chupuchupu.

"Karibu. Kaa."

"Nitasimama."

"Kaa, Inspekta. Uyoga haukimbii."

Asteria akakaa ukingoni mwa kiti. Euphrasia aliugeuza uyoga wa kahawia juu chini.

"Watu wote hutazama kofia. Kofia inadanganya. Geuza. Unaona nini?"

"Kama sponji ya godoro."

"Safi. Sasa geuza huo mweupe."

"Kama kurasa. Kurasa nyembamba za kitabu."

"Hapo umeshaigawa jamii ya uyoga mara mbili, na hujasoma hata siku moja." Euphrasia alicheka, kisha akaukata ule wa kahawia kwa urefu. "Huu wa sponji tunauita boleti. Hiyo sponji ni mirija midogo, imesimama wima, imebanana. Kila kitundu unachokiona ni mdomo wa mrija mmoja. Mbegu zake, zile chembe kama vumbi, hudondoka kutoka humo. Nyama yake nene, laini, ndiyo maana funza wanaiwahi. Na hauoti popote tu. Umeshikana na mizizi ya miyombo na mitundu. Mti unaulisha, nao unaulisha mti. Kata miti, boleti zimekwisha."

Kipande mkononi mwake kilikuwa kimeshageuka bluu. Asteria alikinyooshea kidole.

"Na hiyo?"

"Hewa tu. Maji ya ndani yakikutana na hewa, rangi inageuka. Mwingine unageuka mwekundu, mwingine haugeuki kabisa. Tunaitumia kutofautisha ndugu na ndugu, si sumu na chakula."

"Kwa hiyo boleti zote ni salama?"

"Sikusema hivyo. Zipo chungu kama mwarobaini. Zipo za vitundu vyekundu, ukila utashinda chooni siku nzima ukimlaani aliyekupikia. Lakini hizi za kahawia ni chakula. Ningezikaanga sasa hivi kama zisingekuwa ushahidi wako."

Asteria alikuwa amemkamata mwanamke kwa sababu ya hewa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na huu mweupe?"

Kicheko kikamwisha Euphrasia. Aliugusa kwa ncha ya kalamu.

"Kurasa chini ya kofia. Pete shingoni. Kikombe mguuni. Huu unaua watu, Inspekta. Na unaua kwa hila. Ukila mchana, mchana huohuo hutasikia kitu. Usiku ndiyo unaanza kutapika. Kisha unakupa nafuu, siku moja au mbili unadhani umepona, kumbe ini linaozea ndani. Unakuja kufa siku ya nne, ya tano."

Asteria alikuwa ameshasimama.

"Mtu aliyeanza kutapika Jumapili usiku alikula lini?"

"Jumapili hiyohiyo. Asubuhi au mchana. Unakwenda wapi? Chai haijaiva!"

Asteria alikuwa tayari barazani, simu sikioni, akimwagiza Theonest aulize kule Ushirombo msibani ni nani aliyepika Jumapili. Jibu lilimkuta njiani, kabla hajaingia Kahama. Serafina alikuwepo tangu Ijumaa. Ndiye aliyesonga ugali wa waombolezaji, na mchungaji mwenyewe alishuhudia hilo.

Daktari wa hospitali naye alipiga. Uchunguzi wa maiti ulikuwa umemalizika, na ini la marehemu lilikutwa limeharibika kabisa. Sampuli zilikuwa zimefungwa kwenda kwa Mkemia.

*

Kule Nyamtukwa, Asteria na Theonest walimkuta jirani wa Valerian, binti aitwaye Paskalia aliyekuwa akiuza vocha dirishani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jumapili mchana nani alimletea Valerian chakula?"

"Mama Ngusa hakuwepo."

"Najua hakuwepo. Nimekuuliza nani."

"Marwa. Alimletea hotipoti. Nilimsikia Valerian akimcheka nyuma ya ukuta huo: 'Leo Mkurya umeacha nyama unanipikia uyoga?' Wakacheka wote."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza habari za Jumapili, afande. Wote walikuwa wanapigia kelele bakuli la jana."

Marwa alikuwa mchimbaji wa duara lile lile, kijana mpana wa mabega kutoka Tarime, mpole, asiyelewa. Asteria hakumshika papo hapo. Hotipoti si kosa. Aliwaita wachimbaji watatu wa duara hilo kwenye ofisi ya mwenyekiti, mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila mmoja akaweka uyoga wa aina mbili: wa kahawia na mweupe.

"Ungekula upi?"

Wa kwanza hakuugusa wowote. Aliutazama ule wa kahawia akasema, "Mweupe, afande. Ule mwingine unageuka bluu."

Wa pili akanusa kofia zote mbili. "Mweupe. Unanukia."

Marwa aliingia, akasalimia, akakaa. Aliposogezewa uyoga, mkono wake ulikwenda wenyewe. Hakugusa kofia. Aliuchukua ule mweupe kwa shina, akaugeuza, na kidole gumba chake kikafuta udongo pale chini, kwenye kikombe. Kisha akauweka mezani haraka, kana kwamba umemchoma.

"Sili uyoga, afande."

"Hakuna aliyekwambia utazame mguu, Marwa."

Nje karasha iliendelea kusaga mawe. Asteria alijilazimisha kukaa.

"Nani alikufundisha kutazama mguu?"

"Sielewi swali."

"Jumapili ulimpelekea Valerian hotipoti. Kulikuwa na nini?"

"Nyama."

"Alikucheka kwa kuwa si nyama."

"Nani kasema?"

"Ukuta wa mabati husikia kila kitu. Theonest, lete kile."

Theonest aliweka mezani kitu walichokikuta chini ya godoro la Marwa, wakiwa na hati ya upekuzi mkononi. Ilikuwa tochi ya kichwani. Kioo kimevunjika, mkanda umeoza, matope mekundu yameingia mpaka kwenye betri.

"Una tochi mpya kiunoni. Hii mbovu umeifunika kwa shuka safi kama mtoto mchanga. Ya nani?"

Marwa aliitazama ile tochi. Asteria alikuwa ameshahoji wezi na wauaji wa kila namna, na alijua uso wa mtu anayetafuta uongo. Huu haukuwa uso huo.

"Ya mdogo wangu," alisema Marwa. "Ya Chacha."

"Chacha yuko wapi?"

"Yuko chini."

Asteria alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Marwa aliitikia kwa kichwa. Kisha maneno yakamtoka kama maji yaliyozibuliwa.

"Mvua za mwaka jana upande mmoja wa duara ulititia. Mimi nilikuwa Kahama mjini, nimekwenda kununua kamba. Niliporudi Valerian akaniambia Chacha amehamia Geita, kaondoka asubuhi, kamaliza naye vizuri. Upande ule ukafukiwa. Akasema ni wa hatari. Nilimpigia Chacha simu mwaka mzima, afande. Nilimlaumu. Nilimwambia mama yetu kwamba mwanao amelewa dhahabu ametusahau."

"Ukajuaje?"

"Mwezi huu tulikuwa tunafuata mwamba, sururu yangu ikatokeza kwenye uwazi. Nilikuwa peke yangu mbele. Nikaingiza kichwa. Nikaona tochi. Nikaona..." Alifuta uso kwa mikono yote miwili. "Hakufukiwa. Kile chumba hakikuporomoka. Ukutani kuna alama za patasi, afande, zimekuja upande wetu, mkono mzima kwenda ndani. Alikuwa hai. Alikuwa anachimba kutufuata, na juu wao wanamwaga kifusi."

Theonest aliacha kuandika. Asteria alimwashiria aendelee.

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Nilimpa nafasi kwanza. Nililiziba lile tundu kwa mawe, nikapanda juu, tochi ipo mfukoni. Nikamuuliza, 'Msimamizi, Chacha yuko wapi?' Akacheka. Akasema, 'Geita, anakula maisha.' Kama angesema aliogopa, kama angesema duara lingefungwa na watu wakose kazi, labda ningemshika shati tu. Lakini alicheka. Nikasema, basi na yeye ale maisha."

"Uyoga uliujuaje?"

Marwa aliinamisha kichwa.

"Mama Ngusa. Mvua zile zile, kabla duara halijatitia, tulikwenda porini mimi na Chacha kumsaidia kuni. Chacha akachuma ule mweupe, akasema huu ndio mzuri. Mama akampiga kofi la mkononi. Kisha akaung'oa mmoja mpaka chini, akatuonyesha kikombe. Akasema, 'Wanangu, mimi huwa sing'oi, leo nang'oa kwa ajili yenu. Msile uyoga wa kurasa kabla hamjautazama mguu.'"

"Na huyo aliyekuita mwanangu ndiye uliyemwekea uyoga kikapuni."

"Nilihitaji siku chache tu. Nilitaka kumtoa Chacha nimpeleke Tarime, mama azike. Nikishamaliza ningekuja mwenyewe kusema."

"Na yule mwenye dumu la petroli, angekusubiri?"

Marwa aliweka mikono mezani, akaisogeza mbele, ili afungwe pingu.

*

Chacha alitolewa chini ya ulinzi wa polisi, mchana, mvua ikinyesha hatimaye. Asteria alisimama kando ya duara mpaka kamba ya mwisho ikapanda. Hakuchezea funguo. Waliofukia upande ule mwaka jana walichukuliwa maelezo mmoja mmoja, na wengine walilia kabla hawajaulizwa. Jeneza lilikwenda Tarime bila Marwa.

Serafina aliachiwa kabla ya kufikishwa mahakamani. Umati haukumwomba radhi. Uliacha tu kupita karibu na kibanda chake. Jumatatu Asteria alipofika pale peke yake, bila sare, chungu kilikuwa kinachemka na benchi lilikuwa tupu. Wachimbaji walikuwa wamechuchumaa ng'ambo ya njia wakitafuna mihogo mikavu, macho yote huku.

"Mwangaluka, mayu," Asteria alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Nipe uyoga na ugali."

Serafina akapakua. Sahani ilikuja na vipande vya njano, bila hata tone la bluu. Alikaa upande wa pili wa benchi.

"Nimesikia ni Marwa."

"Ni yeye."

"Si mtu wa porini yule. Aliujuaje ule wenye kikombe?"

Asteria angeweza kunyamaza. Maelezo ya onyo hayasomwi kwa mama ntilie. Lakini mama huyu alikuwa amelala mahabusu kwa kosa lake, na alistahili ukweli.

"Wewe ulimfundisha, mama. Yeye na Chacha. Siku ya kuni."

Serafina alikishika kisu chake, kile alichorudishiwa pale mapokezi, akakigeuzageuza mapajani. Machozi yalimdondoka bila sauti.

"Niling'oa ili wasife," alisema.

"Najua."

"Nisipowaonyesha watu, watakula wafe. Nikiwaonyesha, ndiyo hivi. Sasa nifanyeje?"

Asteria alimega tonge, akachota uyoga, akaula mbele ya wote waliochuchumaa ng'ambo. Ulikuwa mtamu, mlaini, na ulimkumbusha chungu cha mama yake alichokuwa akikikimbia. Aliumaliza wote, akaomba sahani ya pili, na hakuinuka kwenye benchi lile hata mvua ilipoanza upya.

Mchimbaji mmoja alivuka njia. Ni yule aliyekuwa ameshika dumu. Alisimama mlangoni mwa kibanda, kofia mkononi, akatazama kikapuni na hakuthubutu kukaa.

"Mama," alisema, "huu tutaujuaje kama ni wenyewe?"

Serafina alijifuta macho kwa kanga. Akachukua uyoga mmoja wa kahawia, akaugeuza juu chini, akamsogezea.

"Njoo," alisema. "Tazama hapa."